Shuleni ni malaika, nikifungua mlango analipuka

Mwalimu, habari yako.

Majibu yako huwa nayasoma nikiwa kwenye matatu, na leo nimeona niandike yangu. Nina watoto wawili: kijana wa miaka mitano na nusu aliye PP2, mwaka wa pili wa chekechea, na msichana wa miaka miwili. Tunaishi mtaa wa Pipeline, Nairobi, ghorofa ya nne. Mimi ni keshia katika duka la jumla huku mjini. Mume wangu ni dereva wa lori, huenda Malaba mpakani na wakati mwingine huvuka hadi Kampala, kwa hivyo kwa mwezi tunamwona siku chache tu. Watoto hushinda na dada wa kazi, msichana mtulivu, sina neno naye.

Shida ni kijana. Shuleni anasifiwa. Mwalimu wake ameandika kwenye dayari kuwa ni mtoto mwenye heshima na huwasaidia wenzake kufunga viatu. Dada naye anasema mchana kutwa hamsumbui. Lakini mimi nikifungua mlango tu, mtoto anageuka.

Jumatano iliyopita nilifika saa mbili kasoro usiku, jam ilikuwa mbaya. Mdogo alikuwa analia, nikambeba. Nikamnyang'anya mkubwa simu ya dada, maana najua anaishika tangu anaporudi kutoka shule, nikamwekea uji. Akasema hataki kikombe cha kijani, anataka cha bluu. Cha bluu kilikuwa kichafu. Nikamwambia anywe, uji ni uleule. Akakirusha. Uji ulifika hadi kwenye pazia. Akajitupa sakafuni akaupiga mlango mateke mpaka jirani akagonga ukuta, kisha akainuka akampiga dada yake kichwani na kiatu cha shule. Nikamchapa. Alilala saa nne u nusu, bado ana kwikwi. Asubuhi saa kumi na moja u nusu ninapomwamsha awahi basi la shule, ananikumbatia kama vile hakuna kilichotokea.

Mama mkwe anasema nimemdekeza. Baba yake akipiga simu na kumsikia analia humwambia, "Mwanaume halii." Mwenzangu kazini ananitumia video za mtandaoni zinazosema mtoto asiambiwe hapana, ati unamuumiza hisia. Kumchapa nimemchapa, hunyamaza kwa woga, na kesho tunarudi palepale.

Je, mwanangu ananichukia? Anafanya makusudi? Na mimi ninayempata saa moja au mbili tu kwa siku, hizo hisia nitamfunza saa ngapi? Kuna siku nafikiria niache kazi.

Mama Wawili, Pipeline

*

Mama Wawili, pole kwa jam na pole kwa pazia.

Nianze na lile linalokuuma zaidi. Mwanao hakuchukii. Mtoto akimchukia mtu au akimwogopa, humkwepa, hujikunyata, hunyamaza. Wako anakungoja ufike ndipo alipuke, na asubuhi anakukumbatia. Analipukia kwako kwa sababu ana hakika hutamtupa.

Hebu itazame siku yake. Kabla jua halijatoka yuko ndani ya basi la shule na ameambiwa asisukumane. Amepiga foleni ya choo, amengoja zamu yake ya krayoni, ameumeza uchokozi wa mwenzake, amenyamaza pale alipotaka kusema, na juu ya hayo amewafunga wengine viatu. Kujizuia ni kazi, na sehemu ya ubongo inayoifanya, hapa nyuma ya paji la uso, kwa mtoto wa umri wake bado ni changa sana. Haikomai mpaka mtu awe amepita miaka ishirini na kitu. (Sisi ambao yetu imekomaa, tukikwama saa moja na nusu kwenye barabara ya Outer Ring tunamfokea kondakta kwa ajili ya shilingi kumi.) Kufikia saa mbili usiku kijana wako amemaliza nguvu zote za kujizuia. Kuchagua kikombe cha bluu, hilo ni makusudi. Yaliyofuata baada ya kikombe kuruka hayakuwa tena mikononi mwake.

Sasa nikurudishe kwenye barua yako mwenyewe, kwa sababu majibu mengi umeyaandika humo bila kuyatilia maanani.

Umesema alilala saa nne u nusu na unamwamsha saa kumi na moja u nusu. Hizo ni saa saba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza saa 10 hadi 13 za usingizi kwa mtoto wa miaka mitatu na minne, na wa miaka mitano na nusu hayuko mbali na hapo. Hata kama usiku mwingine hulala saa tatu u nusu, bado ana deni, na deni la usingizi kwa mtoto halionekani kama kusinzia. Huonekana kama ukali, ubishi, kilio cha kikombe. Kabla hatujazungumzia hisia wala malezi ya kisasa, mtoto huyu alale. Kila siku tafuta njia ya kumrudishia angalau saa mbili. Dada amlaze kidogo anaporudi kutoka shule, lakini asipitishe saa kumi na moja jioni, la sivyo usiku hatalala. Ale na aoge kabla hujafika. Ikigonga saa tatu kasoro robo, taa ya chumbani izimwe, televisheni ya sebuleni ipunguzwe sauti. Jumamosi na Jumapili usimwamshe.

Najua utasema, nikija amekwisha kula na kuoga, mimi nitafanya nini naye? Hapo ndipo ninapotaka ufike. Hiyo saa yako moja sasa hivi inaliwa na sufuria, beseni na kubembeleza uji. Mwachie dada hayo, wewe ubaki na mtoto.

La pili nimelisoma mara mbili. Ukiingia, wa kwanza kubebwa ni mdogo, kwa sababu analia. Kisha mkono wako wa pili unamnyang'anya mkubwa simu. Jiweke mahali pake: amekungoja tangu saa kumi, mlango umefunguka, mama amekwenda kwa mwingine, na kitu pekee alichokuwa nacho kimechukuliwa. Halafu anaambiwa anywe uji. Tukiyaona hayo, kiatu kutua kwenye kichwa cha dada yake si ajabu. Ni wivu, na wivu wa mtoto ambaye alikuwa peke yake mpaka alipofika miaka mitatu ni kitu cha kawaida kabisa. Hauondoki kwa kuambiwa "mpende mtoto".

Kwa hiyo badilisha dakika kumi za kwanza. Mpigie dada ukishuka steji, simu iwekwe kabatini kabla hujapanda ngazi, na aiondoe yeye, isiwe wewe. Ukifungua mlango, weka mkoba chini, keti sakafuni au kwenye kochi, mwite mkubwa kwanza kwa jina lake, umkumbatie, kisha mdogo aje kwenye paja lililobaki. Mdogo akilia dakika moja zaidi mikononi mwa dada, hatadhurika. Usimuulize "leo umesoma nini?", hayo ni maswali ya mkaguzi. Mwambie lako kwanza: "Leo nimechoka. Jam ilinikalisha mpaka nikakasirika. Nimefurahi kukuona." Umetaja uchovu, hasira na furaha kwa pumzi moja, na mtoto amekuona una hasira na hujampiga mtu. Somo la hisia ambalo ulikuwa unajiuliza utalifunza saa ngapi, umelimaliza kabla hujavua viatu.

Mtoto hajui kwamba kile kinachomchemka kifuani kina jina, mpaka mtu mzima alitaje mbele yake. Tumia lugha yoyote mnayoongea nyumbani. Akisema "nimeboeka" au "naskia vibaya", usimsahihishe Kiswahili, mjibu. "Unasikia vibaya wapi? Tumboni? Umekasirika ama una huzuni?" Wazazi tumelalamika sana kuhusu kazi za CBC, mtaala wa umilisi, za kutafuta makopo na gundi saa nne usiku. Hii haihitaji gundi. Na ndiyo hasa mtaala unayotaka: upendo, heshima, amani, uwajibikaji na yale maadili mengine uliyoyaona yameorodheshwa hayaingii kwa mtoto kwa kuyakariri.

Lakini atalipuka tena, nisikudanganye. Wiki ya kwanza huenda ikawa mbaya kuliko hii, maana atataka kujua kama mama huyu mpya ni wa kweli. Siku hiyo ikifika, wa kushughulikiwa kwanza ni mdogo: mwondoe alipo, mpe dada. Kisha shuka chini, uso wako uwe usawa na wake, sauti iwe ya chini kuliko yake. Akiinua kiatu, mshike mkono, usiufinye, umwambie, "Sitakuacha umpige dada yako." Kisha: "Umekasirika. Ulitaka cha bluu." Basi. Usiongeze. Mahubiri ya dakika tano mbele ya mtoto anayepiga mlango mateke ni kelele nyingine tu kwake, na majirani wanaisikia pia. Kaa karibu. Akikubali kushikwa, mshike; akikataa, kaa pale pale. Kabla mtoto hajajua kujituliza mwenyewe, hutulizwa kwanza na mtu mwingine, mara nyingi sana, na huyo mtu ni wewe, na dada, na baba yake.

Kilio kikishapungua na pumzi zimerudi, mpe kitambaa. Uji aliomwaga mnaufuta pamoja, wewe pazia yeye sakafu, bila kejeli. Hiyo si adhabu, ni kurekebisha alichoharibu. Na dada yake je? Usimlazimishe kusema "sorry" kwa meno yaliyokazwa. Muulize, "Unaona anashika kichwa? Tumfanyie nini?" Wengine huleta mdoli, wengine hupuliza mahali palipouma. Na asipotaka leo, fanya wewe akuone.

Kuhusu zile video za mwenzako: anayesema mtoto wa miaka mitano asiambiwe hapana, nashuku huyo hajawahi kukaa na mmoja ghorofa ya nne maji yakiwa yamepotea. Kumkubalia mtoto hisia zake na kumkubalia kila anachotaka ni mambo mawili. Ana haki ya kukasirika kwa sababu ya kikombe. Hana haki ya kukirusha. Muulize kabla hujamimina: "Kijani au bluu?" Akishachagua na uji umeingia, akibadilisha nia, jibu ni hapana, kwa upole, na linabaki hapana hata akilia mpaka jirani agonge. Ukilibadilisha baada ya dakika ishirini za kilio, umemfunza kwamba bei ya kikombe ni dakika ishirini.

Na viboko. Unajua sheria, maana shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001, na Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, mtoto akiwemo. Lakini tuweke sheria kando. Wewe mwenyewe umeshaandika kwamba hunyamaza kwa woga na kesho mnarudi palepale. Angalia tena mpangilio wa Jumatano: yeye alikasirika akampiga aliye mdogo kuliko yeye, ukakasirika ukampiga aliye mdogo kuliko wewe. Kwa macho ya mtoto, mmefanya jambo moja. Atakuamini vipi ukimwambia watu hawapigwi?

Nina maneno na Baba Wawili, umsomee akipiga simu. Baba, kijana akilia usimwambie mwanaume halii. Machozi yakizibwa hayapotei. Hutafuta mlango mwingine, na kwa wavulana wengi mlango huo ni ngumi. Mwambie, "Najua umekasirika. Mimi pia nimewakumbuka." Na uko mbali, lakini simu unayo. Ukipumzika Malaba ukingoja foleni ya mpaka isonge, mrekodie hadithi fupi kwenye WhatsApp, ya sungura na fisi, uanze na "Paukwa!" umwachie nafasi aitikie "Pakawa!" Katikati usimame umuulize: fisi alipoachwa peke yake mtoni, alisikiaje? Usiku anaosikiliza sauti yako akiwa kitandani, nina hakika atalala mapema. Hata mama mkwe akija, mpe kazi hiyo hiyo. Bibi akianza hadithi, suala la nani amemdekeza nani husahaulika.

Dada wa kazi ndiye mlezi wake kwa saa nyingi kuliko yeyote kati yenu, na mara nyingi tunamwachia watoto bila kumwambia chochote zaidi ya "wasilie". Keti naye Jumapili, chai mezani, umweleze haya yote ili mtoto asikie maneno yale yale kutoka kwa wote wawili. Simu simlaumu nayo. Ana nguo za kufua, mitungi ya maji ya kupandisha ngazi na mtoto wa miaka miwili mgongoni. Lakini kwa watoto wa miaka miwili hadi minne mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni saa moja kwa siku isipite, na mdogo anatazama pia begani kwa kaka yake. Badala ya simu, wape kazi. Mtoto wa PP2 anaweza kuchagua maharagwe kwenye ungo, kuchambua sukuma, kupitisha vibanio dada anapoanika juu ya paa (awe upande wa ukuta, na mdogo ashikwe mkono). Kuchagua maharagwe mpaka yaishe bila kuondoka ni zoezi zuri sana la subira, na hakuna anayelihesabu kama somo.

Halafu wacha acheze na wa jirani. Kwenye koridoo ya ghorofa yenu lazima kuna watoto wengine. Kalongolongo unaifahamu: mmoja mama, mmoja baba, mmoja mtoto mgonjwa, chupa za soda ndizo sufuria. Humo ndimo wanamojifunza kungoja zamu, kugombana na kupatana, na kujaribu kuwa mtu mwingine. Dada asikilize kwa mbali. Siku utakapoambiwa kijana wako alikuwa "mama" na alipoingia alimbeba mtoto kwanza, utajua ameona nini.

Mwandikie mwalimu wake kwenye dayari swali moja tu: akikasirika darasani, humfanyaje? Hao walimu wa chekechea wana mbinu zao, labda kona tulivu, wimbo, kuhesabu vidole. Ukiipata, itumie nyumbani kwa maneno yale yale.

Kuna hali ambayo singekwambia usubiri. Kama vilio vinapita nusu saa karibu kila siku hata baada ya kulala vizuri, kama anajiumiza, kama ameacha kuongea au kufanya alichokuwa akikiweza, kama anaanza kukojoa kitandani baada ya kuacha, au kama anamwogopa ghafla mtu fulani au mahali fulani, mpeleke kliniki ya watoto na umuulize kwa utulivu bila kumtajia majina. Nambari ya 116 ni ya bure, saa zote, ya kuzungumzia masuala ya watoto, na mzazi anaruhusiwa kupiga. Kwa uliyoyaeleza sioni dalili hizo. Mtoto anayelipuka mahali pamoja na kuwa sawa kwingine kote kwa kawaida amechoka na ana wivu.

Kazi usiache. Kodi ya nyumba na karo ya shule zinamtuliza mtoto pia, ingawa yeye hajui. Ila kama duka lenu lina zamu, mwombe msimamizi akupe ya asubuhi hata siku mbili kwa wiki. Siku hizo ukitoka mapema, usipande ngazi kwanza. Mngoje mwenyewe pale basi la shule linapomshusha saa kumi, mpitie kwa mama mboga mchague sukuma pamoja, na mdogo abaki juu na dada mpaka mtakaporudi.